Ikisiri Mia na Arobaini

Alhamisi ile Bi Jokha alikwenda darasani kwa miguu iliyokuwa imemkataa tangu adhuhuri. Alikuwa ametoka zamu kwenye nyumba ya wazee huko Nechells. Amewageuza vitandani watu kumi na mmoja, amewaosha, amewalisha kijiko kwa kijiko, na yeye mwenyewe kinywa kikavu kwa funga ya siku ya kumi na mbili. Kutoka kituo cha mabasi pale Digbeth hadi jengo la darasa ni mwendo wa dakika tano kwa mwenye magoti mazima. Yeye alitumia kumi na tano, akivuta uradi kimoyomoyo, maana alishagundua kwamba astaghfirullah mia mbili, zikivutwa bila pupa, humfikisha mlangoni.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Skuli aliiacha Unguja akiwa kidato cha pili. Mara mbili alijaribu kurudi kusoma hapa Birmingham. Mara ya kwanza mumewe aliugua, mara ya pili akafa. Safari hii ya tatu alijiapiza atafika. Kilikuwa cheti cha jioni, cha kazi za maktaba na utafiti, na nyuma ya cheti hicho palikuwa na kazi inayomngoja. Maktaba ya chuo kimoja mjini ilimwahidi nafasi ya kupokea vitabu, kuvipa namba na kuviingiza kwenye kompyuta. Walimwambia alete cheti kabla ya mwezi wa nne kwisha. Ilikuwa kazi ya kukaa kitini. Bi Jokha alipolisikia neno "kukaa" kwenye mahojiano, nusura amwage machozi mbele ya Waingereza wa watu.

Ili apate cheti, kulikuwa na mradi mmoja wa mwisho. Mwalimu wao, Sukhjinder, mwanamke wa Kisingasinga mzaliwa wa mji huu huu, aliandika majina ya waandishi wa riwaya kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya mkebe wa biskuti, kila wanafunzi wawili wakachota kimoja. Bi Jokha alichota Shen Yuehe, mwanamke wa Kichina, yu hai, ameandika riwaya tisa. Kazi yao haikuwa kuzisoma riwaya. Kazi ilikuwa kukusanya makala zote ambazo wataalamu wameandika juu yake kwa miaka ishirini, kisha kuchora ramani: mada gani ilianza lini, ipi ilinenepa, ipi ilikonda, nani anamfuata nani.

Makala zilipatikana mia tatu na kumi na mbili. Kompyuta ndiyo huchora ramani, lakini kompyuta haijui kusoma moyo wa maneno. Kwa hiyo watu wawili walitakiwa kwanza wasome ikisiri ya kila makala, yaani ule muhtasari mfupi wa mwanzoni, na kila mmoja, peke yake, aandike kwenye safu yake alama ya mada anayoiona: historia, siasa, wanawake, mazingira, tafsiri, imani. Kisha safu mbili hulinganishwa. Wakikubaliana robo tatu au zaidi, ramani inaaminika. Wakipungukiwa, hakuna ramani.

Mwenzake alikuwa Séverin, mwanamume wa miaka thelathini na minane kutoka Bukavu, ambaye mchana aliendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani. Mcheshi, mkubwa wa mwili, msomaji wa haraka. Mada ya imani aliileta Bi Jokha. Séverin alimcheka: "Mama, we' utatafuta Mungu hata ku risiti ya duka!" Lakini aliikubali.

Sasa mwalimu alikuwa amesimama mbele ya skrini, anatabasamu.

"Themanini na tatu kwa mia," alisema Sukhjinder. "Nimefundisha hapa miaka tisa, sijaona wanafunzi wa jioni wakafika hapo. Ninataka mtahini wa nje aione kazi yenu kama mfano."

Darasa likapiga makofi. Séverin akainuka akainama kama mwimbaji. Bi Jokha akasema Alhamdulillahi, na kwa mara ya kwanza siku ile akasahau magoti yake.

Mwalimu akabonyeza, ramani ikajitandaza. Miduara ya rangi, mikubwa na midogo, imeshikana kwa nyuzi nyembamba kama mapovu ya sabuni kwenye beseni. Chini yake mstari wa miaka. Historia ilikuwa ya bluu, imetambaa mwanzo hadi mwisho. Mazingira yalikuwa ya kijani, yakizidi kunenepa. Na imani, ya manjano, ilikuwa ikikua polepole, ikakua, kisha ilipofika mwaka 2015 ikatoweka. Hata kitone hakikubaki.

"Na hili ndilo linalonivutia zaidi," mwalimu aliendelea. "Kwa nini wataalamu waliacha ghafla kuandika habari za imani katika riwaya zake? Niandikieni aya moja ya maelezo, halafu Alhamisi ijayo mkabidhi. Mmekaribia kumaliza."

Bi Jokha aliutazama ule mwaka. Taratibu, kama mtu anayehisi baridi ikipanda kutoka kwenye sakafu, alijua kwa nini.

Makala zilipangwa kwa miaka. Yeye mwenyewe aliisoma kila ikisiri kuanzia ya kwanza hadi ya mia moja sabini na mbili, ya mwishoni mwa 2014. Hapo ndipo wenzake wawili wa kazini walipougua, akapewa zamu mbili mbili, Ramadhani ikaingia, na jioni moja akalala juu ya meza hapa hapa darasani. Siku chache baadaye alipofungua jedwali lao la pamoja, safu yake ilikuwa imejaa mpaka chini. Aliiona. Hakujidanganya sasa: siku ile aliiona. Alijiambia labda aliijaza mwenyewe kwa uchovu akasahau, akafunga kompyuta upesi, kama mtu anayefunika chungu ili asijue kilichoungua.

Wataalamu wa dunia hawakuiacha imani. Ni Jokha aliyelala alipoufikia mwaka ule.

Saa kumi na mbili na dakika kadhaa adhana ililia kwenye simu yake. Akatoka na kijimfuko chake hadi ukumbini, kwenye benchi karibu na mashine ya kahawa. Séverin alimfuata, kama kawaida yake, na chupa ya maji mkononi.

"Karamu, mama. Fungua, fungua. Leo ni siku yetu!"

Bi Jokha alikula tende moja, akanywa maji.

"Séverin, mwanangu. Safu yangu, kuanzia mia moja sabini na tatu kwenda chini. Nani kaijaza?"

"Mimi," alisema Séverin, bila kupepesa jicho, tena kwa fahari kidogo. "Siku mbili, mama. Nilikuona vile ulilala, mdomo wazi, mkono juu ya clavier, herufi moja inajiandika tu, jjjjj, ukurasa mzima. Nikasema, huyu mama atakufa bure juu ya Wachina. Nilikuwa nasoma zangu, nikajaza na zako. Alama ile ile, kwangu na kwako. Kazi moja tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwetu ukipita ukaona shamba ya jirani ina majani na jirani ni mgonjwa, unalima unaenda. Unamgongea mlango umwambie nimekulimia, nishukuru? Ni haya, hiyo."

Bi Jokha alitaka kucheka, akashindwa. Na kwao ilikuwa hivyo hivyo. Mwanamke akijifungua, majirani huingia wakafua, wakapika, wakaondoka, na vyombo vimekauka kabla mwenyewe hajajua nani kaosha. Angewezaje kumlaumu mtu kwa jambo ambalo mama yake mwenyewe angemwombea dua?

"Lakini hii si shamba, baba. Walitaka macho mawili. Wamepata lako moja mara mbili."

"Macho! Mama, macho yako yalikuwa yamefungwa!"

Hapo alicheka kweli, na Séverin akacheka.

"Ile imani," Séverin akasema kwa sauti ya chini, "hata sikufikiri. Ni mada yako, mi siioni. Basi. Tutaandika aya. Tutasema watu wa vyuo siku hizi hawaamini tena. Nani atakataa? Hata mimi Kwaresima hii nimeacha bia tu, na Jumapili nakunywa."

"Séverin!"

"Mama, unataka kazi ama hutaki?"

Bi Jokha aliinuka. Alikwenda kuswali magharibi kwenye chumba cha mashine ya kunakilia, baina ya maboksi ya karatasi. Alipokwenda kusujudu, paji la uso lilikaa chini muda mrefu kuliko kawaida, na hakuwa na hakika kama alikuwa anaomba au anapumzika tu.

Nyumbani, Hodge Hill, binti yake Nasreen alimwekea uji na sambusa mbili kwenye meza ya jikoni. Nasreen alikuwa na miaka ishirini na minne, anayasikia maneno ya mama yake yote na kuyajibu kwa Kiingereza, na siku akichanganya ujue anambembeleza mtu.

"Mama, listen," alisema alipokwisha kusimuliwa. "Hujaiba. Hukumwambia afanye. Nani kakuumiza? Some Chinese lady ambaye hata hakujui?"

"Mimi ndiye niliyeiona imejaa, nikanyamaza."

"Ulikuwa umechoka."

"Nilikuwa nimechoka," alikiri Bi Jokha. "Na nimechoka hata sasa. Nikiacha kusema kweli kila ninapochoka, mwanangu, nitaisema lini?"

Nasreen alimtazama yale magoti yaliyovimba chini ya meza, akamwongezea uji.

Alipokwisha kuswali isha, alifikiri kuswali istikhara, amwombe Mwenyezi Mungu amchagulie. Akakumbuka maneno ya mwalimu wake wa chuo cha Kurani, marehemu Bi Mwanakhamis, aliyekuwa mkali kama pilipili ya mbuzi: istikhara huswaliwa kwa mambo mawili ya halali. Haiswaliwi kumuuliza Mola kama mtu aseme uongo au asiseme. Basi akaomba jambo moja tu, nguvu za kusoma ikisiri mia na arobaini kwa siku tano.

Alizisoma alfajiri. Baada ya daku na swala, kabla ya basi la kwenda kazini, alikaa na blanketi miguuni, akaificha safu ya Séverin kwa kuifunika skrini upande mmoja na kipande cha boksi la nafaka. Bismillahi, ya mia moja sabini na tatu. Kiingereza cha wataalamu kilikuwa kigumu, sentensi ndefu zisizo na pa kupumulia, na mara nyingine ilimbidi asome ikisiri moja mara tatu ili ajue mtu anasema nini. Siku ya kwanza alimaliza kumi na tisa. Siku ya pili ishirini na nne. Jumapili, ambayo hakuwa na zamu, alimaliza hamsini, akasimama, akashika ukuta.

Ya mia mbili na nne ilimshika mkono. Ilihusu riwaya moja ya Shen Yuehe juu ya mji uliozamishwa chini ya bwawa la umeme. Mwanamke mmoja mle, aliyefiwa na mwanawe siku maji yalipofunguliwa, kila jioni humpakulia yule mtoto bakuli la wali na kuliweka ukingoni mwa maji, kisha humsubiri muda wa mtu kula. Mtaalamu aliandika kurasa thelathini juu ya lile bakuli. Bi Jokha alimkumbuka mzee mmoja wa Nechells aliyekuwa akimwambia kila asubuhi asilikalie kiti cha pembeni, mkewe anakuja. Akaandika: imani. Hakusita hata kidogo.

Jumatano akakutana na Séverin kwenye mgahawa mdogo wa Msomali, Abdow, saa moja kabla ya futari, watu wakipanga foleni kuchukua chakula cha kupeleka nyumbani. Akafungua kompyuta, wakalinganisha safu. Ikatoka sitini na sita kwa mia.

Séverin aliitazama namba ile muda mrefu.

"Hatujapita," alisema.

"Hatujapita."

"Wapi tumetofautiana? Onyesha. Onyesha moja."

Akamwonyesha ya mia mbili na nne. Séverin aliisoma upesi, akapiga meza kwa kiganja.

"Mama, ni bwawa! Bwawa, maji, umeme, watu wanafukuzwa. Ni mazingira, hiyo! Hata mtoto atakuambia."

"Mwanamke anayempakulia maiti wali hashughuliki na mazingira."

"Anashughulika na mtoto wake tu! Iko Mungu wapi hapo? Hakuna hata padri!"

"Sasa anamsubiri nani ale?"

Séverin akaivuta skrini karibu, akaisoma tena. Abdow, aliyekuwa akipita na sinia, akawaambia wapunguze sauti, wateja wanadhani kuna talaka. Bi Jokha akaona haya, akavuta mtandio. Lakini moyoni alihisi kitu ambacho hakukihisi miezi yote ya mradi ule, kwamba wawili wao wamesoma jambo moja kweli kweli.

"Mi nitakuambia ukweli," Séverin akasema, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Nilitoa siku zangu mbili. Nilikuja kwako na zawadi, umeigeuza dhambi. Kesho ukisema, mi pia naanguka. Chuo niliomba kilisema ninaingia mwezi wa tisa, kama nina cheti. Na we' utarudi kunyanyua wazee mpaka nawe wakunyanyue. Kwa ajili ya nini? Ramani! Nani ataisoma?"

"Mtu atakayeisoma ataamini kwamba mwaka 2015 kitu fulani kilikufa," alisema Bi Jokha. "Na hakikufa."

"Na mimi?"

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Alilizungusha kichwani wiki nzima, na halikulainika.

"Wewe nitasema ulinihurumia. Nitasema kosa ni langu, maana niliona nikanyamaza. Ni kweli, si kukukinga. Nisamehe, mwanangu. Kama ningekuwa na njia ya kuanguka peke yangu, wallahi ningeifuata."

Séverin aliinuka bila kumaliza chai yake. Mlangoni akavaa kofia, akatoka.

Alhamisi, kabla ya somo, Bi Jokha alimwambia mwalimu kila kitu. Sukhjinder alisikiliza akiwa amekaa, mikono imeshikana juu ya meza. Mara mbili alionekana anataka kumkatiza, hakumkatiza. Mwishowe alivua miwani.

"Ungenyamaza, Jokha, huenda nisingejua kamwe," alisema. "Hilo ndilo linanisikitisha."

Kisha akamweleza sheria, kwa upole wa mtu anayemfunga mtu kidonda. Kazi ile haiwezi kupita. Haitahesabiwa udanganyifu, kwa kuwa mmoja wao amejitokeza mwenyewe. Watapewa nafasi moja: waandike upya mwongozo wa mada, waeleze kila neno linamaanisha nini, kisha wasome tena ikisiri zote, kila mtu peke yake. Watakabidhi mwezi wa sita.

"Mwezi wa sita," Bi Jokha alirudia.

"Ninajua kuhusu ile kazi. Nitawaandikia barua, niwaombe wakusubiri."

Aliwaandikia. Jibu lilikuja baada ya siku nne, la adabu sana, mistari mitatu. Nafasi haikuweza kusubiri. Walimtakia kila la heri. Bi Jokha aliisoma barua ile kwenye chumba cha wafanyakazi pale Nechells, akiwa bado na aproni, na kengele ya chumba namba sita ikilia. Hakupata utulivu wa moyo aliokuwa akiusikia kwenye mawaidha, ule unaosemekana humshukia mtu aliyetenda haki. Alipata kichefuchefu cha njaa na maumivu ya mgongo. Akasema, "Hasbiyallahu," akaikunja barua, akaenda kumgeuza mzee wa chumba namba sita.

Alhamisi iliyofuata alikwenda darasani asijue kama atamkuta mtu. Séverin alikuwepo. Amekaa pale pale walipozoea, na mbele yake karatasi iliyochorwa mistari sita, kila mstari na mada yake. Hakumsalimia kwa mzaha.

"Shikamoo, mama," alisema, kama mtoto wa Unguja, neno ambalo kwao halisemwi na ambalo hajawahi kumpa.

"Marahaba."

"Chuo kimesema nijaribu mwezi wa kwanza." Akamsogezea kalamu. "Haya. Imani ni nini? Tuandike vizuri safari hii, nisiseme sijui. Bakuli ya wali ni imani, sawa, nimekubali. Na mtu anayemwogopa mzimu wa baba yake? Na yule anayeapa kwa jina ya mama?"

Walibishana juu ya mstari ule mmoja saa nzima, mpaka magharibi ikaingia, wakakata maneno, wakaongeza, wakakata tena. Alipotoka kuswali, mwongozo ulikuwa umekwisha, ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wa Séverin ulioinama.

Séverin akakusanya kompyuta yake na koti lake. Akatembea hadi meza ya mwisho kabisa, karibu na dirisha, akakaa akimpa mgongo, na skrini akaigeuza ukutani.

"Usinichungulie," alisema bila kugeuka. "Na ukilala, mama, nitakuacha ulale."

"Niache," alisema Bi Jokha.

Akafungua ikisiri ya kwanza, ya miaka ishirini iliyopita. Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Akasugua magoti, akasema Bismillahi, akaanza kusoma.